Namna ya Kuandika Habari za Mtu Wenu Aliyefariki Wakati wa Korona

Ukitaka kuandika habari za ndugu yako aliyefariki miaka ile ya korona, anza na mtu mzee kuliko wote aliyekuwapo nyumbani siku zile. Usianze na vyeti wala picha. Vyeti vitakuwapo mwakani, lakini mama wa marehemu au shangazi aliyemuuguza anazidi kuzeeka, na aliyoyaona yeye hayako mahali pengine popote.

Mimi ni karani mstaafu wa masijala. Miaka yangu yote ya utumishi hapa Tanga nilifungua majalada, nikapanga barua, nikaandika namba za kurasa kwa peni nyekundu kwenye pembe ya juu kulia. Februari 2021 nilifiwa na mume wangu, na kabla ya arobaini yake tukamzika kaka yake mkubwa aliyekuwa akiishi Muheza. Nilianza kuandika nikiwa ndani ya eda. Baadaye majirani na jamaa wakaja kuniuliza nimefanyaje, wengine wamefiwa na wazazi, mmoja kafiwa na mke. Haya ndiyo niliyowaeleza wao pale barazani.

Nalishikilia jambo hili kwa sababu moja. Hapa Tanzania, mapema Mei 2020, hesabu rasmi ilisimama kwenye wagonjwa 509 na vifo 21, na hatukupewa nyingine mpaka katikati ya mwaka 2021. Lile wimbi la Januari hadi Machi 2021, lililofanya watu wahangaikie mitungi ya oksijeni usiku wa manane, lilipita bila mtu kuhesabiwa. Cheti cha mume wangu kimeandikwa nimonia. Cha shemeji kimeandikwa shinikizo la damu. Hakuna kati yao aliyepimwa. Wajukuu wakija kuuliza babu yao alikufaje, hakuna ofisi itakayowajibu. Jibu wanalo waliomuuguza, na wasipoliandika wataondoka nalo.

Daftari lenyewe

Nunua kaunta buku ya kwaya mbili yenye jalada gumu. Andika kurasa za kulia peke yake, za kushoto ziache wazi kwa ajili ya nyongeza na masahihisho, maana yatakuja mengi. Ukurasa wa kwanza weka jina kamili, majina ya wazazi wake, alikozaliwa, tarehe ya kufariki, alipofia na alipozikwa. Simu itumie kurekodi ukipenda, ila maandishi yawe kwenye karatasi. Simu huibiwa, na ikifa inakufa na kila kilichomo.

Kila habari iwe na jina la aliyeisema na tarehe aliyoisema. Masijala hatukuwa tukipokea barua isiyo na sahihi, na hapa sheria ni ile ile. Halafu pembeni andika neno moja kati ya mawili: "niliona" au "niliambiwa". Utashangaa ni mambo mangapi ambayo ukoo mzima unayasema kwa uhakika kumbe hakuna hata mmoja aliyeyaona kwa macho yake. Katika daftari letu, habari ya kwamba mume wangu aliupata ugonjwa kwenye basi la Dar es Salaam imo, na pembeni pameandikwa "niliambiwa" mara zote, kwa watu wote walioisema.

Watu wakitofautiana, usiwapatanishe. Binti yangu anasema baba yake alitembea kwa miguu yake mpaka kwenye bajaji. Mdogo wa marehemu anasema alimbeba mgongoni. Nimeandika yote mawili, kila moja chini ya jina la mwenyewe. Nilipokuwa kijana kazini, bosi wangu mmoja alipenda kuunganisha taarifa tatu kuwa moja iliyonyooka, na kila ukaguzi ulipofika ndizo zilizotusumbua, kwa sababu hakuna aliyekuwa tayari kuzisimamia.

Kuzipata tarehe

Ukimuuliza mtu "ilikuwa tarehe ngapi?" atakwambia hakumbuki, na mazungumzo yatakufa hapo. Muulize ilikuwa kabla au baada ya jambo ambalo kila mtu analikumbuka. Mimi nilijiandikia orodha nyuma ya daftari. Shule zilifungwa tarehe 17 Machi 2020, siku moja baada ya mgonjwa wa kwanza kutangazwa Arusha. Siku tatu za maombi ya kitaifa zilikuwa Aprili 17 hadi 19 mwaka huo. Wanafunzi wote walirudi shule Juni 29. Uchaguzi mkuu ulikuwa Oktoba 28. Maalim Seif Sharif Hamad, Makamu wa Kwanza wa Rais wa Zanzibar, alifariki Februari 17, 2021, siku hiyo hiyo aliyofariki Balozi John Kijazi, Katibu Mkuu Kiongozi. Rais Magufuli alifariki Machi 17. Rais Samia alizindua chanjo Julai 28.

Kwa orodha hiyo tu, mama mkwe wangu, Bi Mkubwa, ambaye hajui hata mwaka aliozaliwa, alinipangia wiki nzima. Alisema mwanawe alianza kukohoa siku redio ilipokuwa inasema Maalim yu mgonjwa, na alikata chakula watu walipokuwa wanazungumzia msiba wa Korogwe, yaani mazishi ya Balozi Kijazi. Kwa watu wa Mombasa au Nairobi orodha itakuwa nyingine: amri ya kutotoka nje usiku ya Machi 27, 2020, kisha kufungwa kwa miji, kisha chanjo za kwanza Machi 2021. Tengeneza ya kwenu.

Jihadhari na saa. Bi Mkubwa akisema saa nane usiku, simu ya binti yangu imeandika 02:10. Shemeji yangu mdogo, aliyekulia maofisini, akisema saa mbili usiku ule sijui anamaanisha ipi mpaka nimuulize taa za msikitini zilikuwa zinawaka au zimezimwa. Andika saa kama alivyoisema, kisha pembeni weka saa ya simu. Ukiacha hivi hivi, jambo lililotokea kabla litasomeka limetokea baada, na kwa mgonjwa aliyeishiwa pumzi tofauti ya saa sita ni jambo kubwa sana.

Kumsikiliza mzee

Hapa ndipo penye kazi. Usimwendee mzee na kalamu mkononi. Nenda asubuhi, msaidie anachofanya, na karatasi zote ziwe chumba cha pili, karibu lakini zisionekane. Usimuulize juu ya ugonjwa. Muulize juu ya vitu: sufuria ilikuwa ipi, blanketi la nani, maji yalichotwa wapi, nani alikuwa amekaa kwenye kile kigoda. Mtu akishakishika kitu mkononi kwa kumbukumbu, maneno huja yenyewe.

Bi Mkubwa nilimkuta uani anachambua mchele. Nikaamkia, nikavuta ungo wangu, tukachambua. Nikamuuliza ile sufuria kubwa ya shughuli iliyokuwa ya nyungu iko wapi siku hizi. Akanyamaza, akaendelea kuchambua, kisha akaanza kutaja majani: mwarobaini, mchaichai, mkaratusi uliotoka kwa jirani, na malimao ambayo siku zile sokoni yalikuwa yamepanda bei mpaka watu wakawa wananunua nusu. Alinieleza alivyomkalisha mwanawe, mtu mzima mwenye wajukuu, juu ya kigoda, akamfunika blanketi la kijivu mpaka miguuni, na yeye mwenyewe akashika pindo lisifunuke.

"Akaniambia, mama nifunue, siwezi. Nikamwambia vumilia mwanangu, dawa ndivyo ilivyo." Akaacha mchele. "Niambie kweli, we mwanangu. Ni mimi niliyembana pumzi?"

Sikumjibu hapo hapo. Niliingia ndani nikachukua daftari la shule la binti yangu. Yeye alikuwa ameletewa na mpwa wake kile kipimo kidogo cha kubana kidoleni kinachosoma oksijeni kwenye damu, na kila alipompima baba yake aliandika saa na namba. Mtu mzima mwenye afya husoma 95 kwenda juu, na chini ya 90 ni hatari. Nikatafuta jioni iliyotangulia nyungu ile. Imeandikwa kwa peni ya buluu, herufi zimelala: "saa 4 usiku, 84. Anasema hajambo." Nikamsomea. Nikamwambia, "Mama, pumzi ilikuwa imeshapungua tangu jana yake. Haikumwishia kwenye blanketi."

Akaniambia nimsomee tena pale palipoandikwa anasema hajambo. Ugonjwa ule ulikuwa na tabia hiyo, oksijeni ilimshuka mtu na bado akazungumza kama kawaida, akakuuliza habari za watoto, ukaamini kuna nafuu. Wengi walicheleweshwa hospitali na maneno "mimi sijambo" yaliyotoka kinywani mwa mgonjwa mwenyewe. Bi Mkubwa hakuwa akilijua hilo. Baada ya hapo alinieleza mengine yote mpaka adhana ya adhuhuri, na yamejaza kurasa nyingi kuliko za mtu mwingine yeyote.

Nayaeleza haya kwa kirefu kwa sababu katika kila nyumba niliyosaidia nimemkuta mtu mmoja mwenye swali la namna hiyo. Aliyemfunika nyungu. Aliyemleta mgeni. Aliyesema tusubiri kuche. Mtafute huyo, na kabla hujaongea naye tafuta kama kuna namba, risiti au ujumbe unaomhusu. Ukikuta kuna la kumtua mzigo, msomee. Ukikuta hakuna, usitunge. Mwandikie maneno yake kama yalivyo na usimwongezee hukumu, wala yako wala ya mawifi.

Na juu ya nyungu, iandikeni kwa heshima zote. Mvuke hauwezi kuua kirusi kilichoshuka mapafuni, na mimi siamini kwamba ulimponya yeyote. Lakini ndicho kitu ambacho mama alikuwa nacho mkononi, viongozi walikisifu, na aliyekifanya alikifanya kwa mapenzi. Atakayesoma baada ya miaka hamsini anastahili kujua majani yalikuwa yapi na nani alishika pindo.

Kama hakupimwa

Usiandike "alikufa kwa korona" kama hakuna kipimo. Andika "hakupimwa", kisha andika dalili moja baada ya nyingine kwa mpangilio zilivyokuja. Msomaji ataelewa, na hakuna atakayeweza kukwambia umesema uongo.

Mume wangu alikuwa fundi baiskeli Ngamiani, na mji wetu ni wa baiskeli, hivyo alikuwa akifahamika. Alikuwa na sukari kwa miaka mingi. Dalili yake ya kwanza haikuwa kikohozi. Kijana wake wa gereji alinieleza, tena miezi mingi baada ya mazishi, kwamba siku ile fundi alishika pampu kujaza upepo tairi la mteja, akapiga mara chache, akaiachia akakaa chini ya mwembe, akasema jua kali. Halikuwa kali, kulikuwa na mawingu. Kesho yake alinunua kahawa kwa muuzaji akasema haina harufu, wakabishana. Homa nyumbani tuliiona baadaye. Kama ningeandika niliyoyaona mimi mke peke yake, ugonjwa ungeonekana umeanza siku mbili baadaye. Kwa hiyo waulize watu wa kazini, kijiweni, msikitini au kanisani. Wao walikuwa naye mchana.

Andika pia maradhi aliyokuwa nayo kabla: sukari, presha, pumu, figo. Na dawa alizopewa, kwa majina yaliyoandikwa kwenye pakiti. Pakiti tupu usitupe, zibandike kwa gundi.

Simu ya marehemu

Laini isiyotumika hufungwa na kampuni, na baadaye namba yaweza kupewa mtu mwingine. Kwa hiyo simu isishughulikiwe mwisho. Ichaji, iwashe, na kama hamjui namba ya siri muulizeni mtoto mdogo wa nyumba, mara nyingi yeye ndiye aliyekuwa akichezea michezo humo.

Anza na meseji za miamala ya pesa. Hakuna shahidi mzuri kuliko hizo, kwa kuwa kila moja ina tarehe, saa, kiasi na jina la aliyepokea. Kwetu ndizo zilizotuonyesha ni lini hasa tulilipia mtungi wa kwanza wa oksijeni na ni lini wa pili, jambo ambalo sote tulikuwa tumelichanganya. Zinakili daftarini kwa mpangilio. Mtaona pia nani alituma mchango saa tisa usiku bila kuombwa, na hilo nalo lina nafasi yake katika habari za ukoo.

Kisha ujumbe wa sauti wa WhatsApp. Ya mwisho kabisa ya mume wangu haikuwa kwetu, ilikuwa kwa mteja. Anamwambia aje Jumamosi, baiskeli itakuwa tayari. Nilipoiandika nilitia mstari kila alipokata kuvuta pumzi, ikatoka hivi: "Njoo / Jumamosi / itakuwa / tayari bwana / nasubiri breki." Ni mtu aliyekuwa akiimba kaswida bila kupumzika. Mistari ile inaeleza hali yake ya siku hiyo kuliko cheti. Ukiandika sauti, fanya hivyo: andika maneno na uweke alama za pumzi, za kikohozi, za mtu mwingine anayesikika nyuma. Halafu sauti zenyewe zihamishe kwenye memori kadi na kwenye flashi, na umtumie ndugu aliye mbali, ziwe nyumba mbili tofauti.

Usisikilize zote kwa siku moja, wala usikae peke yako. Mimi nilikuwa nikikaa na wifi yangu, na tukifika pasipowezekana tulikuwa tunaizima simu tunapika.

Karatasi

Hili ni fupi. Kibali cha mazishi hutolewa na hospitali, au na mtendaji kama mtu alifia nyumbani. Cheti cha kifo ni cha RITA, wakala wa serikali wa usajili. Andika namba za vyote, toa nakala, na nakala ndizo zikae kwenye daftari. Za asili ziwe na msimamizi wa mirathi, maana mahakamani na kwenye mafao watazitaka hizo. Sababu ya kifo iliyoandikwa kwenye cheti inakili neno kwa neno hata kama hukubaliani nayo. Maoni yenu yakae ukurasa wa kushoto.

Kama kuna mahali mlifukuzwa au mliambiwa hakuna kitanda, andika saa mliyofika, aliyewapokea alisema nini, na saa mliyoondoka. Sifa na matusi yaacheni nje. Sisi liko la namna hiyo, na nilipoliandika mara ya pili bila hasira lilikuwa mistari minne tu, na hiyo minne inatosha.

Chanjo

Ukoo mwingi uliofiwa uligawanyika juu ya chanjo, na ugomvi huo ni sehemu ya habari. Wengi wanataka kuuficha. Msifanye hivyo.

Wifi yangu aliyeolewa Mombasa alichanjwa AstraZeneca mapema mwaka 2021, wakati huku kwetu chanjo hazikuwapo kabisa na Januari Rais Magufuli alikuwa amesema hadharani, kule Chato, kwamba hazifai. Alikuwa akitupigia simu akilia kaka zake wamekufa ng'ambo ya mpaka. Zilipofika kwetu dozi zaidi ya milioni moja za Johnson & Johnson kutoka Marekani kupitia mpango wa kimataifa wa kugawa chanjo, COVAX, nilikuwa nimetoka eda majuma machache tu. Nilikwenda kituo cha afya Agosti, nikasaini fomu ya ridhaa, nikachomwa bega la kushoto. Ilikuwa ya sindano moja. Usiku mwili uliuma na homa ikapanda kidogo, kesho yake mchana nikafua. Kadi nimeibandika ukurasa unaofuata kibali cha mazishi cha mume wangu. Sina maelezo ya kuongeza kwa nini nilikwenda.

Shemeji yangu mdogo alikataa, na mpaka leo hajachanjwa. Yeye ndiye aliyemkimbiza kaka yake hospitali usiku, kwa hiyo hakuna anayeweza kumwambia hakuuona ugonjwa. Nilimpa kurasa sawa na zangu. Aliandika kwa mkono wake kwamba alisikia watu wanasema mtu hufa baada ya miaka miwili, kwamba haelewi vipi kitu kilichokuwa kibaya Januari kikawa kizuri Julai, na kwamba kaka yake aliwahi kumwambia asikubali. Nilitamani kumbishia kila mstari, na miaka miwili imeshapita tuliochanjwa tunaendelea na kazi zetu. Lakini lile swali lake la Januari na Julai ni swali la kweli, lilikuwa kwenye vinywa vya mamilioni, na daftari lisilo nalo litakuwa limesema uongo juu ya nchi yetu ya mwaka ule.

Kwa kila mtu wa nyumba andika basi: alichanjwa au hakuchanjwa, aina gani, lini, wapi, alijisikiaje, na kwa maneno yake mwenyewe kwa nini. Bi Mkubwa alichanjwa. Alisema ameshazika wanawe wawili, basi, na akainua mkono wa gauni mwenyewe kabla muuguzi hajamwambia.

Mazishi

Andika nani aliosha, nani alishona sanda, nani aliingia kaburini. Mwaka 2020, hasa Aprili na Mei, wapo waliozikwa usiku na wahudumu waliovaa mavazi meupe, jamaa wamezuiwa mbali. Kama mtu wenu ni miongoni mwa hao, mtafuteni yeyote aliyekuwapo: dereva, mchimba kaburi, mtu wa serikali ya mtaa. Nendeni naye mpaka makaburini mchana, awaonyeshe. Pimeni kwa hatua kutoka kwenye kitu kisichohama, ukuta au mti mkubwa, mchore ramani kwenye daftari, muweke mawe. Nimewahi kusindikiza familia moja kwa kazi hiyo. Mtoto wa marehemu hakuwahi kulia tangu msiba, na siku ile alilia mpaka tukamkalisha chini. Baada ya hapo ndipo alipoweza kuniambia habari za mama yake.

Kwetu 2021 watu walijaa kama kawaida, baadhi na barakoa. Walioosha walivaa glavu. Mjomba mmoja alikataa glavu, akasema hawezi kumgusa mwanawe kwa mpira. Nimeliandika na pembeni nimeweka "niliambiwa", maana wanawake tulikuwa ndani.

Yasiyoandikwa

Madeni ya siri, watoto wa nje, maradhi ambayo marehemu aliyaficha maisha yake yote: hayo si ya daftari litakalosomwa na ukoo. Kama ni lazima yahifadhiwe, yaandike kwenye karatasi ya pembeni, tia bahasha, gundisha, andika juu jina la anayeruhusiwa kufungua. Na mtu aliye hai akikwambia "hili usiliandike", usiliandike, hata kama ndilo tamu kuliko yote.

Lakini msiandike ugonjwa peke yake. Nusu ya daftari iwe maisha. Niliona nyumba moja wana kurasa nyingi za hospitali na hakuna mstari hata mmoja unaosema baba alikuwa anapenda nini. Sisi tuna kurasa za spana zake, za namna alivyokuwa akiinyoosha rimu kwa kuitazama jicho moja limefumbwa, za wateja aliowakopesha, za Coastal Union na ugomvi wake na kaka yake juu ya mpira, ule ule kaka tuliyemzika baada yake. Bi Mkubwa ametoa kurasa za utoto wao wawili ambazo mimi mke sikuwahi kuzisikia.

Likijaa, toa nakala mbili. Moja ikae kwa mtoto aliye mji mwingine. Lisomeni kwa sauti siku ya khitma au siku ukoo umekusanyika, na msomaji asiwe aliyeandika. Watu watakatiza, watasema "hapana, haikuwa hivyo". Mpeni kalamu huyo aliyesema, aandike ukurasa wa kushoto, aweke jina na tarehe, kisha msomaji aendelee pale alipoishia.